Chumvi ya Bwana Ndovu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama watu waliotoka mkutanoni? Itikieni vizuri. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nawasikia. Watoto sogeeni mbele, wakubwa kaeni nyuma. Na kama diwani wetu yupo, akae popote anapotaka, maana leo atakuna kichwa.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijitawala wenyewe na wakijidanganya wenyewe, palikuwa na bonde. Katikati ya bonde palikuwa na kinamasi. Hakikuwa na kina kirefu, lakini hakikukauka. Matete yalisimama humo, marefu, mazito, upepo ukipita yanalia shaa, shaa. Upande wa chini palikuwa na ukingo wa udongo mgumu ulioshikwa na mizizi ya matete. Ukingo huo ndio uliozuia maji yasitoroke. Wenyeji waliuita mdomo wa kinamasi. Kila mmoja alijua kwamba mdomo ukifunguka, maji yatakwenda zake. Hata vifaranga walilijua hilo.

Ndani ya matete aliishi Mama Tohe. Tohe mnamjua? Ni jamii ya swala, rangi yake kama majani makavu, masikio makubwa, mwoga. Mtoto wake haandamani naye huku na huku kama watoto wengine. Mama humlaza ndani ya matete, humwambia tulia, naye hutulia tuli, mpaka mama arudi kumnyonyesha. Hatari ikitokea, mama hupiga mluzi, fyuu, na mtoto hujibana chini, ukipita karibu naye humwoni.

Mtoto wake wa kwanza alimlaza kwenye nyasi fupi, mwaka ambao matete yaliungua. Fisi walimkuta asubuhi. Mama Tohe hakusema sana juu ya jambo hilo, lakini hakulisahau. Sasa alikuwa na wa pili, binti, jina lake Kitete. Wengine wakiyatazama matete wanaona majani. Yeye aliona uhai wa mwanawe.

Sasa nisikilizeni, niwaambie desturi ya bonde lile, maana bila desturi hiyo hamtaelewa kitu.

Baraza lao halikupiga kura kwa mikono, kwa kuwa hawakuwa na mikono. Walijaribu pembe, wasio na pembe wakanung'unika. Walijaribu sauti, Chura akawazidi wote. Mwisho babu zao wakakata shauri: tutatumia maji. Jambo likiletwa barazani, anayekubali atashuka kinamasini anywe. Anayekataa atasimama juu na kinywa kikavu. Ikibaki nyumba moja tu ambayo haijanywa mpaka jua linazama, jambo limeanguka, lisiletwe tena mpaka masika mengine. Na kwa kuwa wajanja hawakosekani, walikuwapo waliosimama juu kwa kiburi huku wamewatuma watoto wakanywe, babu zao wakaongeza: akinywa mmoja wa nyumba, nyumba nzima imenywa.

Nguchiro ndiye aliyekuwa tarishi wa baraza. Alikuwa akipanda kichuguu, anatangaza kwa sauti yake nyembamba:

Anayekubali, ashuke anywe.
Anayekataa, asimame na kiu.

Semeni nami. Anayekubali, ashuke anywe. Anayekataa, asimame na kiu. Ndivyo hivyo. Mnasema vizuri kuliko wao.

Ikawa siku moja, kiangazi kimekolea, akaja mgeni. Di, di, di. Ardhi inatetemeka, kanga wanaruka. Alikuwa Bwana Ndovu kutoka ng'ambo ya vilima, na nyuma yake ndugu zake, kundi zima. Mzee Nyati, mwenyekiti wa baraza, alitoka mbio kumpokea. Mzee huyu alipenda wageni wakubwa. Alipokuwa na mgeni mkubwa, naye alijiona mkubwa.

Bwana Ndovu alisema amekuja kuwekeza. Ng'ambo ya pili ya kinamasi kulikuwa na mwamba wa chumvi. Wanyama wa bonde waliujua na waliupenda, ila kuufikia ilibidi wazunguke mlima, na mlimani kulikuwa na simba. Kila mwaka walikwenda wengi wakarudi wachache. Bwana Ndovu akasema atafungua barabara, moja kwa moja, inapita kinamasini, inatokea kwenye mwamba. Chumvi kwa wote. Hakuna kuzunguka tena, hakuna simba tena. Wanyama walisikiliza mate yakiwajaa. Na mimi siwalaumu kwa hilo, maana walikuwa wamezika ndugu zao kwa ajili ya chumvi.

Chura aliuliza kutoka majini barabara itapita wapi hasa. Bwana Ndovu alinyoosha mkonga wake, ukaelekea kule chini, penye mdomo wa kinamasi. Pale udongo ni mgumu, akasema, miguu yetu haitazama.

Wakatazamana. Mama Tohe, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema mbele ya wakubwa, akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka.

"Pale ndipo panaposhika maji, Bwana. Mkipavunja, tutakunywa nini?"

"Tathmini imeshafanyika, mama."

"Kaifanya nani?"

"Mimi. Nimetia mguu. Maji yamenifika kifundoni. Mimi sijaona kinamasi hapa, nimeona tope."

Ndugu zake wakacheka, mikonga ikapanda juu. Mzee Nyati naye akacheka, ingawa yeye maji yale yalimfika magotini. Ikapangwa siku ya baraza. Wazee wengine waliomba ingojwe masika, kama ilivyokuwa kawaida ya mambo mazito. Mzee Nyati akasema maendeleo hayangoji mvua.

Siku ya baraza ikafika. Asubuhi mapema, Nguchiro akapita nyumba kwa nyumba akisukuma mabonge ya chumvi, biri biri biri, kila nyumba bonge lake. Alisema ni salamu za mgeni, hazihusiani na ajenda yoyote. Wanyama wakaramba. Ramba, ramba, ramba. Ngiri aliramba mpaka akafumba macho. Kuro aliramba, pundamilia wakaramba, kanga wakadonoa makombo. Nani alikuwa amewahi kuletewa chumvi mlangoni? Walimsifu mgeni, wakaramba tena.

Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu anayekwenda kukuomba unywe anakupa kwanza chumvi. Desturi yao wenyewe, wameikulia, wameifundisha watoto wao, na siku hiyo hawakuikumbuka. Mgeni ndiye aliyeikumbuka.

Mama Tohe alilitazama bonge lake. Ulimi ulimwasha. Tangu amzae Kitete hakuwa ameonja chumvi, maana hangeweza kuzunguka mlima na mtoto mchanga. Akalinusa. Akajua, sijui kwa akili au kwa woga, kwamba akiramba hataweza kusimama mpaka jua lizame. Basi hakuramba. Lakini je, alilitupa? Hakulitupa. Chumvi itatupwaje? Alilisukuma ndani ya matete, akalificha chini ya majani, akajiambia ataliramba jioni jambo likishaanguka. Kisha akamwambia Kitete tulia, akaenda barazani.

Hapo ndipo alipokosea, na nasema hivi huku moyo unaniuma, maana hata mimi ningefanya hivyo hivyo.

Baraza lilianza jua likiwa utosini. Mzee Nyati akashukuru. Akamshukuru mgeni, akawashukuru ndugu za mgeni, akayashukuru hata masikio ya mgeni kwa kuleta upepo. Akaeleza historia ya barabara, wakati bonde lile halijawahi kuwa na barabara. Ndimi zikaanza kukauka. Pundamilia akameza mate, hayapo. Ngiri akatazama maji. Maji yanamemeteka. Mzee Nyati bado anashukuru. Hakuna aliyemkatiza, kwa kuwa kumkatiza mwenyekiti ni utovu wa adabu, na adabu walikuwa nayo tele.

Hatimaye Nguchiro akapanda kichuguu.

Anayekubali, ashuke anywe.
Anayekataa, asimame na kiu.

Walishuka kama mawe yanayoporomoka. Gubu, gubu, gubu. Wa kwanza kabisa alikuwa Bi Ngiri, shoga yake Mama Tohe, ambaye jana yake tu aliapa kwamba watasimama pamoja. Alikunywa akiwa amepiga magoti, hakugeuza uso. Chura alipiga kelele kwamba yeye anakataa, anakataa kabisa. Nguchiro akamwambia kwamba yeye yumo majini tangu alfajiri, ameshahesabiwa. Chura akajaribu kutoka nje, lakini jua lilikuwa kali, ngozi ikaanza kumkauka, akarudi majini. Wakamhesabu mara ya pili.

Kuro alisimama kwa muda. Swala wawili walisimama. Jua likawachoma, chumvi ikawachoma kutoka ndani, wakashuka mmoja mmoja, vichwa chini. Akabaki Mama Tohe peke yake.

Alisimama. Maziwa yalikuwa yakimkauka, lakini alisimama. Jua likaanza kuinama. Wanyama waliokwisha kunywa walikuwa wameketi vivulini, matumbo yamejaa, na wakaanza kumchukia. Hivi huyu anajiona nani? Anatuchelewesha. Yeye na matete yake. Watoto wetu wanaliwa na simba kwa ajili ya mtoto wake? Maneno hayo yalimfikia, na neno la mwisho lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa na ukweli ndani yake.

Mzee Nyati akamjia polepole, sauti ya baba.

"Mwanangu, mtu mmoja haishindi jamii."

"Sishindani na mtu, mzee. Nimesimama tu."

"Matete yatapandwa mengine. Mgeni ameahidi."

"Yatapandwa kwenye maji gani?"

Mzee Nyati akainua kichwa. Alitazama jua, akamtazama Bwana Ndovu. Bwana Ndovu alikuwa anapepea masikio yake, hana haraka. Jua lilikuwa limebakiza kidogo tu ligonge kilima. Mama Tohe alilitazama, akawa analivuta kwa macho. Zama, zama, zama.

Ndipo matete yakatikisika.

Akatoka Kitete. Alikuwa anayumba. Ulimi wake umetoka nje, umevimba, mdomoni ana weupe wa chumvi. Alikuwa ameachwa mchana kutwa na bonge lile. Mtoto mchanga, njaa inamuuma, mama hayupo, ameramba kilichokuwa karibu. Sasa kiu imemtoa mafichoni, kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu azaliwe. Akapita katikati ya miguu ya ndovu, tiki, tiki, tiki, anayafuata maji.

Bonde zima likamtazama.

Mama Tohe alijua la kufanya. Mluzi mmoja tu. Fyuu. Mtoto angejibana chini palepale, angelala na kiu yake, jua lingezama, jambo lingeanguka, na kinamasi kingebaki. Akavuta pumzi. Mluzi ukafika kooni. Akamtazama mwanawe, akaona mbavu zinavyopanda na kushuka, akaona macho yamezama. Je, angefika machweo? Huenda angefika, huenda asingefika. Wanawake mliopo hapa, nawaulizeni, mngepiga mluzi?

Mnanyamaza. Naye alinyamaza.

Kitete akafika majini, akainamisha shingo yake nyembamba, akanywa.

"Nyumba ya Tohe imenywa," akasema Nguchiro.

Shangwe zikapanda mpaka mlimani. Mama Tohe alishuka, akasimama kando ya mwanawe, akanywa naye. Alikuwa anakunywa na kulia, kwa hiyo maji yenyewe yalikuwa na chumvi.

Kesho yake ndovu wakaanza kazi. Di, di, di. Wanakwenda, wanarudi. Ukingo ukamomonyoka chini ya miguu yao, mizizi ikang'oka, mdomo ukafunguka. Maji yakaanza kutoka, choro, choro, polepole kama mtu anayeaga bila kutaka kuwasumbua wenyeji. Barabara ikawa pana, nyeupe, imenyooka. Kwa kweli ilikuwa barabara nzuri. Siku zile wanyama walikwenda kwenye chumvi na kurudi wote, wakaramba, wakanenepa, wakamcheka Mama Tohe. Matete si haya hapa, Mama Tohe? Uliogopa nini? Mzee Nyati akapewa jiwe zuri la kukalia, mahali palipoinuka, aione barabara.

Ndovu hawarambi kama ngiri. Ndovu wanachimba. Walichimba mwamba kwa pembe zao, wakala, wakachimba, wakala, mpaka palipokuwa na mwamba pakawa shimo. Chumvi ilipokwisha wakaondoka kwa barabara ileile, wamenenepa. Hawakuaga. Mzee Nyati alikuwa ametayarisha shukrani, akabaki nazo mdomoni.

Kiangazi kikazidi kuwa kikali. Kinamasi kikawa madimbwi. Madimbwi yakawa tope. Tope likapasuka, paa, paa, paa. Chura akajifukia chini na hakusikika tena. Matete yakageuka njano, yakaanguka fungu kwa fungu. Mama Tohe akamhamisha Kitete kutoka fungu moja hadi jingine, na kila akimhamisha, majani yanayomfunika yanapungua, na mtoto mwenyewe anakua. Nao simba waliokuwa mlimani wakaipenda sana ile barabara. Walishuka nayo mpaka bondeni, kucha zao hazikugusa hata mwiba. Fisi wakawafuata kwa nyuma.

Mama Tohe alikwenda mbali kutafuta maji, maana bila maji hana maziwa. Kitete alikuwa amelala kwenye fungu la mwisho, tuli, kama alivyofundishwa. Fungu lenyewe lilikuwa limebaki vijiti tu. Fisi walimwona kutoka barabarani, mchana kweupe, hawakuhitaji hata kumtafuta.

Sitasimulia aliyoyakuta Mama Tohe aliporudi. Watoto wapo hapa.

Alikaa pale mpaka kilio kikamwishia. Kisha akaenda kwa Mzee Nyati. Alimkuta juu ya jiwe lake, mbavu zake zinahesabika, na wanyama wengine wamelala chini wakitweta. Bi Ngiri alipomwona alisema kwa sauti, asikike na wote, kwamba aliyekunywa mwisho ndiye aliyelitia bonde balaa. Wengine wakaitikia, ndiyo, ndiyo, nyumba ya Tohe ndiyo iliyokunywa mwisho. Na aliyeanza kusema hayo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga magoti. Mama Tohe hakumtazama.

Akasema anaomba baraza. Masika hayako mbali. Wakijitolea wote, wabebe udongo, wapande mizizi iliyobaki, mdomo unaweza kuzibwa kabla mvua haijaja. Barabara itakatika, na ikatike. Wako wengine hapa wenye watoto.

Mzee Nyati akasema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba baraza haliwezi kukaa. Desturi hairuhusu. Anayekubali hushuka akanywa, na maji hayapo. Sasa watajuaje nani amekubali? Ingojwe mpaka maji yarudi, ndipo wakae wazungumzie namna ya kuyarudisha maji.

Na wanyama, wenye kiu vile, wakatikisa vichwa. Ni kweli. Desturi ni desturi.

Mama Tohe akawazungukia kwa macho, mmoja mmoja, midomo imepasuka, ndimi zimetoka nje.

"Basi na hao wanaokataa hujulikana vipi, mzee? Si ni wale waliosimama na kinywa kikavu? Watazame. Bonde zima leo limekataa barabara."

Mzee Nyati alitazama barabara yake nyeupe, iliyonyooka, haina mtu. Akasema polepole:

"Jua lilikwisha kuzama, mwanangu. Jambo lilipita."

Mama Tohe aligeuka akaenda zake. Waliomwona mara ya mwisho wanasema alikwenda kwa kupita porini, penye miiba, hakukanyaga barabara.

Sasa mafunzo yake, niyaseme wazi asije mtu akasema hakuelewa. Mtu akikuletea zawadi asubuhi ya siku ya kukuomba ruhusa, hajaja kukusalimu, amekuja kukununua, na wewe ukiificha zawadi yake badala ya kuirudisha, atakaowanunua ni watoto wako. Na nyinyi mnaokaa vivulini mkimchukia yule mmoja aliyebaki amesimama juani, jueni kwamba amesimama kwa ajili yenu. Msimwache peke yake, maana ana mtoto, na atachoka.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye udongo uliopasuka. Mwenye maji nyumbani akanywe, amshukuru Mungu, na ayalinde.